Mchoro wa Kimya

Mafundi wenzake walimwita Bi Risasi, na mtu aliyesikia jina hilo kwa mara ya kwanza alitazamia kukutana na mwanamke wa bunduki. Badala yake alimkuta mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, akiyeyusha risasi ya kuungia waya na kupuliza moshi wake kando kama anayepooza chai. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Nusu ilijaa amplifaya, redio na spika zilizopasuka matumbo. Nusu nyingine, nyuma ya pazia, ilikuwa ya binti yake mshonaji. Mama alipotaka kusikiliza kama spika ina mvumo, aligonga meza, na binti akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani mpaka aruhusiwe.

Siku hiyo aliyeingia alikuwa daktari wa meno wa mtaa wa pili, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo.

"Fundi, leo mimi ndiye nimeleta mgonjwa," alisema.

"Anaumwa wapi?"

"Kushoto. Ukimwasha anaimba vizuri. Akishapata joto kidogo, upande wa kushoto unazama kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Nimempeleka kwa mafundi wawili. Wamefungua, wakatazama, wakafunga. Wanasema hawamgusi bila mchoro."

"Na wewe unamhitaji sana?"

"Mama, mimi nang'oa meno. Muziki ukiwepo, mgonjwa anasikiliza muziki. Tangu huyu augue, mgonjwa anasikiliza mashine ya kutobolea, na mimi namsikiliza yeye."

Nyuma ya pazia binti aliangua kicheko. Bi Risasi naye alikuwa akicheka alipolifungua taulo, kisha akaacha kucheka. Lilikuwa sanduku jeusi la chuma, halina jina wala maandishi, ila nukta moja nyeupe ya rangi iliyowekwa kwa ncha ya brashi.

"Kimya," alisema.

"Kumbe unazijua!"

"Namjua aliyeitengeneza," alisema, kisha akajisahihisha. "Nilimjua."

Walikuwa wamejifunza kazi pamoja, yeye na huyo mtengenezaji, kwenye meza moja, kwa fundi mkuu mmoja mzee aliyekuwa na mdomo mchafu na mikono ya dhahabu. Kijana yule alikuwa mtu wa kuhesabiwa maneno, ndipo mzee akambandika jina la Kimya. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," mzee alipenda kusema. "Haya, sisi tupo, tunangojea mshindo." Na mshindo ulikuja. Kimya alihamia mji wa mbali, akaanza kuunda amplifaya kwa mkono, chache tu kila mwaka, zisizo na mvumo kabisa. Watu walioziwasha walidhani hazijawaka. Jina lake likawa jina lao.

Ila kabla hajahama kulikuwa na ile miaka ya meza moja. Kila mtu pale karakanani alijua kwamba wale wawili wataoana, na Bi Risasi, ambaye wakati huo alikuwa msichana mwembamba mwenye msuko mrefu mgongoni, alijua vilevile. Kimya alimletea chai. Alimwachia koleo zuri, yeye akatumia lile lililolegea. Jioni hakutoka mpaka aone msichana amefunga droo yake. Lakini neno, hakutamka hata moja. "Mwanangu," mama yake alimwambia, "mtu haolewi na kikombe cha chai." Siku ya kuondoka, Kimya alisema amepata chumba kikubwa huko aendako, kina madirisha pande mbili, mwanga unatosha meza mbili. Msichana alingoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Kimya alibeba sanduku lake la vifaa akaenda zake.

Baadaye akaja mpima ardhi, kijana mchangamfu ambaye sentensi zake zilikuwa na mwisho, akamposa, naye msichana akaolewa. Alikuwa mume mwema. Alipofariki, Bi Risasi alimlilia kwa machozi ya kweli, na mpaka leo alipotaja jina lake sauti ilimtetemeka. Lakini wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Kila aliposikia kwamba fulani amenunua Kimya, alibadilisha mazungumzo.

Daktari alipoondoka, Bi Risasi alifungua skrubu za kifuniko. Hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani. Kila waya ulizungushwa duara kamili kwenye nguzo yake kisha ukalazwa kushoto, kama Kimya alivyokuwa akifanya zamani, hata mzee alipomfokea kwamba anamaliza waya bure. Bi Risasi alipitisha kidole juu ya maungio yale, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma mwandiko.

Katikati ya mwandiko huo kulikuwa na doa. Sehemu ya kwanza ya saketi, pale sauti inapoingia, ilikuwa imezamishwa ndani ya gundi nyeusi iliyoganda kama jiwe. Sehemu kama hiyo zilikuwa mbili, kulia na kushoto. Alipima kwa mita umeme unaoingia katika ile ya kushoto na unaotoka. Mashine ilipopata joto, uliotoka ulianza kuyumba. Ugonjwa ulikuwa humo ndani. Kilichomo humo, hakuna aliyejua ila mtu mmoja.

Kuomba mchoro wa saketi kwa watengenezaji wadogo hakukuwa jambo geni kwake. Alisema ni kama kuposa. Ukifika mlangoni na kusema "nipeni binti," unafukuzwa. Lazima uanze mbali. Unaeleza mashine ilivyougua, unataja ulichopima na wapi, unaonyesha kwamba huendi kuiharibu wala kuiiga. Wapo wanaofurahi mpaka wanakutumia michoro yote na picha za watoto wao. Wapo wanaokuapisha. Wapo wanaokupa ukurasa mmoja tu, ule wenye ugonjwa, na kufunika mwingine wote. Na wapo ambao hawajibu kamwe, kama maiti.

Kwa hiyo aliandika ujumbe kwenye simu, kwa namba ya Kimya aliyopewa na daktari, akaufuta, akaandika tena. Mwishowe ulitoka wa kikazi kabisa: dalili, vipimo, ombi. Mahali pa jina aliweka "Fundi" tu. Hakujua kama alikuwa anaficha jina lake ili asionekane anatumia urafiki wa zamani, au ili akikataliwa asiwe amekataliwa yeye.

Jibu lilikuja upesi. "Michoro haitolewi. Mashine irudishwe kwa mtengenezaji. Asante."

Aliandika tena, akaongeza vipimo zaidi. Likarudi jibu lilelile, neno kwa neno.

"Mama, mpigie," binti alisema, ameshika pini mdomoni. Alikuwa ameijua habari ya Kimya tangu utotoni, nusu kutoka kwa bibi yake na nusu kwa kukisia.

"Nimwambie nini?"

"Umwambie wewe ni nani."

"Na akisema hanikumbuki?"

Binti alitoa pini mdomoni. "Basi utakuwa umepona."

Alipiga. Sauti ya mwanamke ikapokea, na moyo ukamshuka. Akaeleza shida yake kwa heshima zote anazostahili mke wa mtu.

"Mimi ni dada yake," alisema yule mwanamke. "Mke alikuwepo zamani, akachoka kuishi na mtu asiyejibu. Na majibu ya simu naandika mimi, dada, usimlaumu. Aliniambia kila anayeomba mchoro nimjibu hivyo, basi nawajibu hivyo."

"Naweza kuongea naye mwenyewe?"

"Kwa simu haiwezekani. Kaka hasikii. Masikio yamekufa, ni miaka sasa." Kisha, kama aliyejutia kusema mengi, akaongeza, "Ukitaka, njoo. Lakini mchoro hatoi."

Bi Risasi alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya laini kukatika. Mtu yule ambaye alikuwa akisikia mvumo wa transfoma kutoka chumba cha pili, akanyanyuka kwenda kuuzima. Hasikii.

Alisafiri na basi la alfajiri, amplifaya imefungwa kwenye taulo lilelile la daktari, ameipakata mapajani kwa sababu hakumwamini mpakizi wa mizigo. Njiani alitunga hotuba. Alipofika mji ule aliitunga upya akipanda barabara ya mawe iliyopita kati ya ghala za mbao na shule, na alipopiga hodi kwenye mlango wa kijani alioelekezwa, ilikuwa imemtoka yote kichwani.

Dada mtu alimkaribisha, akampitisha ukumbini hadi chumba cha nyuma. Kimya alikuwa ameketi akiwapa mgongo, nywele nyeupe, mabega yamepinda, anatazama kioo kidogo cha kijani kilichokuwa kikimwonyesha umbo la sauti asiyoisikia. Dada yake alizima taa na kuiwasha. Hivyo ndivyo walivyomwita. Akageuka.

Alimtazama mgeni wake. Alitazama miwani, kamba ya kiatu, taulo. Akatazama tena uso.

"Umekata nywele," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama watu wasiojisikia wanaposema.

"Zamani," alijibu. Kisha akarudia, "Nilizikata zamani."

"Sema polepole, nakusoma midomo. Wanaonitesa ni wanaume wenye masharubu. Wewe unasomeka."

Akamvutia kiti. Dada mtu alileta chai, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua.

Kimya alimsimulia masikio yake bila kuulizwa, na Bi Risasi alishangaa, maana hakuwahi kumsikia akifuatanisha sentensi nyingi hivyo. Labda mtu asiyejisikia haogopi tena maneno yake. Sauti zilimwondokea moja moja, alisema. Kwanza ndege. Halafu kengele ya mlango. Halafu wanawake na watoto, halafu wanaume. "Mvumo wa transfoma ndio ulibaki mwisho. Ule niliopigana nao maisha yangu yote, ndio ulinisindikiza."

"Na bado unaunda?"

"Mkono unajua. Na kioo kinaniambia kama umbo ni zuri." Aliinua bega. "Hakiniambii zaidi ya hapo."

Bi Risasi alifungua taulo. Kimya alipoiona ile nukta alitabasamu, akaigeuza mashine huku na huku kama mtu aliyeletewa mjukuu. Bi Risasi alimwonyesha kwa kidole ile gundi ya upande wa kushoto, akamweleza vipimo. Kimya alisikiliza kwa macho, akiitikia kwa kichwa.

"Nahitaji mchoro," alimaliza Bi Risasi.

"Nani anautaka?"

"Mimi."

Kimya hakubisha, wala hakumwapisha. Alivuta karatasi, akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora palepale kutoka kichwani. Mistari miwili ya umeme, rezista, kapasita, na katikati transista mbili zinazotazamana, zimeungwa miguu, ili kosa la huyu lifutwe na kosa la yule. Bi Risasi alianza kuutambua kabla haujakwisha.

Wazo lilikuwa lake mwenyewe. Siku moja kwa yule mzee, redio ya mteja imewashinda kwa mvumo, yeye ndiye aliyesema, tuziweke mbili zitazamane, zilaumiane zenyewe. Kimya alichora, yeye akaunga. Mvumo ukafa. Walicheka mpaka mzee akawatupia kitambaa.

"Hii?" alisema. "Hii ndiyo uliyoizika kwenye gundi miaka yote?"

"Hiyo."

"Lakini hii ipo kwenye vitabu! Kila mwanafunzi anaijua."

"Sisi hatukuwa na vitabu."

"Watu wanakuandikia toka huku na huku, wanadhani umeficha sijui nini..."

"Wangeiona wangecheka," alisema, naye mwenyewe akacheka kidogo. Kisha akaacha. Akainama kuipuliza karatasi vumbi la penseli, vumbi ambalo halikuwepo. "Nusu ni yako. Ningewagawiaje watu kitu chako bila kukuuliza?"

"Ungeniuliza."

Kimya alikuwa ameinua macho kwa wakati, aliliona neno. Aliendelea kuitazama midomo yake hata ilipotulia, kama anayedhani kuna la zaidi linakuja.

"Ndiyo," alisema mwishowe.

Walifanya kazi. Walilikata lile jiwe la gundi, wakaunda kipande kipya kutoka kwenye droo zake. Bi Risasi aliunga, yeye akashikilia waya, na mara mbili mikono yao ilitaka koleo moja. Kila mara ni yeye Kimya aliyeurudisha mkono nyuma. Walipomaliza aliunganisha spika, akatafuta santuri, akaiweka. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kitambaa cha spika ya kushoto.

"Niambie," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Inavyosikika. Hizi za karibuni nimeziunda bila kuzisikia. Wanaonunua wanaandika 'safi sana', 'asante sana'. Dada yangu anasema ni nzuri, lakini yeye hata mlango ukilia anasema ni mzuri. Sina wa kumuuliza."

Bi Risasi alivuta kiti chake mpaka magoti yao yalikaribia kugusana, ili aonekane vizuri. Aliusikiliza muziki. Halafu akaanza kusema, taratibu, akiliumba kila neno kwa midomo.

"Kuna mwanamke anaimba. Amesimama mbele kidogo, ngoma ziko nyuma yake, mbali kama pale ukutani. Kabla ya kuimba anavuta pumzi, na pumzi inasikika. Sasa kuna gitaa, kushoto, upande wako. Kidole kinateleza kwenye waya, kile kikwaruzo kidogo. Kimesikika tena. Mwanamke hana haraka. Anamalizia neno, na neno halikatiki, linakwenda linapotelea mbali."

"Halipasuki? Juu kabisa?"

"Halipasuki."

"Na joto limeshapanda. Kushoto kumeshuka?"

"Hakujashuka. Wako sawa."

"Mvumo?"

Bi Risasi aliinua sindano ya santuri, akafungua sauti yote, akaweka sikio juu ya kitambaa cha spika, karibu na kiganja cha Kimya. Alikaa hivyo kupita ilivyohitajika. Kisha akainua uso.

"Hakuna," alisema. "Kimya."

Yeye alilisoma neno lile midomoni mwake, na macho yakamjaa, na hakuyafuta.

Basi la mwisho lilikuwa la jioni. Kimya alimsindikiza mpaka langoni, akambebea mashine, akamkabidhi, akamtakia safari njema. Hakusema jingine. Bi Risasi naye hakusema. Walikuwa wameshasema mengi kuliko ile miaka yote.

"Alisemaje?" binti aliuliza, hata mama hajavua viatu.

"Alisema nimekata nywele."

"Basi?"

"Na akanipa mchoro."

Binti aliichukua karatasi, akaitazama juu chini, asielewe kitu, akairudisha polepole kama mtu anayerudisha kitu cha kuvunjika.

Daktari wa meno alifurahi mno, akaahidi kumng'olea jino lolote atakalo. Na huko mlango wa kijani, dada mtu alipewa jibu jipya la kuwaandikia watu. Sasa kila aliyeomba mchoro aliambiwa amwandikie Bi Risasi, naye aliwapa, mradi waandike kwa adabu. Wengine walipouona walishukuru kwa unyonge kidogo, kama watu waliofungua zawadi kubwa wakakuta leso.

Haukupita muda likaja sanduku kwa basi. Ndani mlikuwa na amplifaya mpya, nukta nyeupe bado inanuka rangi, na maneno mawili: "Nisikilizie. Niambie." Bi Risasi aliisikiliza, akamwandikia kwenye simu, ujumbe mrefu, kila ala na mahali ilipokaa. Kimya alijibu "Asante," akatuma gari la kuichukua. Baadaye likaja sanduku jingine. Likawa ndilo jambo lao. Bi Risasi alianza kusikia vitu ambavyo hakuwa akivisikia, kwa sababu sasa alikuwa na wa kumwambia. Asubuhi aliwasikia ndege kwenye bati, akajikuta anatafuta maneno ya kuwaeleza. Aliandika mara moja kuhusu mvua, bila amplifaya yoyote kuhusika. Jibu lilichelewa, naye akajilaumu, akajiita mzee asiye na haya. Kisha likaja: "Na kwenye majani je? Mvua ya kwenye majani umeisahau."

Sanduku la mwisho mpaka sasa lilifika wiki iliyopita. Aliisikiliza mashine ile mchana kutwa, akiitafuta kasoro. Alitamani iwepo. Ingekuwepo, ingebidi irudi, irekebishwe, ije tena, na pengine ingebidi fundi mwenyewe asafiri. Alishika simu na uongo ukiwa tayari kidoleni, mvumo mdogo upande wa kulia, ni nani angejua? Mtu asiyesikia angeamini. Na kwa kuwa angeamini, hakuweza.

"Haina kasoro hata moja," aliandika. "Ni nzuri kuliko zote."

Alidhani atapata asante yake ya kawaida. Lakini jibu lilikuwa refu, kwa vipimo vya mtu yule.

"Inayofuata ni nzito, haifai kusafirishwa. Ingekuwa vizuri uisikilizie huku. Ukija usiwe na haraka ya basi."

Alimsomea binti. Binti alifungua pazia, akasimama na futi ya kupimia nguo shingoni.

"Mama, kuna amplifaya nzito hivyo?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Bi Risasi alivaa miwani, akausoma ujumbe tena, kisha akausoma tena, akilitafuta lile ambalo kwa miaka mingi alilitafuta kwenye vikombe vya chai, na safari hii hakuwa na hakika kama halipo au liko mbele ya macho yake. Akaandika, "Nzito kiasi gani?" Akautuma, akaiweka simu mezani ikimtazama, na kazi za wateja zikamngojea.